Kabla hujatia sahihi mtoto ashirikishwe katika utafiti

Na MWANDISHI WETU

MAMA anafika hospitalini saa nane za usiku akiwa amembeba mtoto wa miaka miwili. Mtoto ana homa kali, anapumua kwa shida, mikono na miguu ni baridi, na hata akiitwa jina haitikii. Wauguzi wanamlaza kitandani na kuanza kumshughulikia. Punde si punde daktari anamwendea yule mama na kumweleza kwa upole kwamba hospitali hiyo inafanya utafiti kuhusu watoto walio katika hali kama hiyo. Je, angekubali mtoto wake awe miongoni mwao?

Mama huyo afanye nini? Akikubali, huenda akajilaumu maishani iwapo mtoto atafariki. Akikataa, anahofia daktari atakasirika na kumwacha mtoto bila matibabu. Wengi huitikia tu kwa kichwa, kwa kuwa mtu aliyevaa koti jeupe ndiye anayejua, na usiku huo hakuna mwingine wa kumtegemea.

Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wamejipata katika hali kama hiyo. Majaribio ya dawa na chanjo kwa watoto yamefanywa kwa miaka mingi katika maeneo ya Kilifi, Siaya na Kombewa hapa nchini, na pia katika nchi jirani za Uganda na Tanzania. Baadhi yake yameokoa maisha ya watoto wengi. Hata hivyo, wazazi wengi hutia sahihi bila kufahamu wameombwa nini hasa.

Funzo la Kilifi

Mfano mmoja unaofaa kujulikana na kila mzazi ni utafiti ulioitwa FEAST, uliofanywa kati ya 2009 na 2011 katika hospitali sita: moja ya Kilifi hapa Kenya, nne za Uganda na moja ya Muheza, Tanzania. Utafiti huo uliongozwa na Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi.

Kwa muda mrefu, madaktari wa nchi tajiri walikuwa wakifundishwa kwamba mtoto aliyezidiwa na maambukizi makali hadi mzunguko wa damu yake ukazorota, apewe maji mengi kwa dripu, na kwa haraka. Walioona watoto wa Afrika wakifa siku ya kwanza tu ya kulazwa walidhani kwamba pengine kilichokosekana ni maji hayo. Lakini hakuna aliyekuwa amelithibitisha jambo hilo katika hospitali zisizo na wadi za wagonjwa mahututi.

Katika kundi kuu la utafiti huo waliandikishwa watoto 3,141 wa umri wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12. Watoto hao waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa kwa haraka maji yaliyo na protini iitwayo albumini. La pili lilipewa kwa haraka maji ya chumvi. La tatu halikupewa maji ya haraka, bali dripu ya kawaida inayotiririka polepole. Wote walipata dawa za kuua viini au za malaria kulingana na ugonjwa uliowasumbua, na waliopungukiwa sana na damu waliongezwa.

Mnamo Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikichunguza takwimu ilipendekeza uandikishaji usimamishwe kabla ya idadi iliyokusudiwa kutimia. Sababu yake iliwashangaza madaktari wengi. Katika muda wa saa 48, watoto 111 kati ya 1,050 waliopewa albumini walikuwa wamefariki, na 110 kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi. Katika kundi la dripu ya polepole, waliofariki walikuwa 76 kati ya 1,044. Kwa maneno mengine, katika kila watoto 100 waliopewa maji kwa haraka, watatu zaidi walikufa kuliko katika kundi ambalo halikupewa.

Tiba iliyoaminika kuwa ni ya kuokoa ilikuwa ikiua. Na wala haikuwa dawa mpya ya kigeni iliyoletwa kujaribiwa kwa Waafrika, bali ni tiba iliyokuwa ikitumiwa kila siku katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mpya wa huduma ya dharura kwa watoto uliozingatia matokeo hayo.

Hapa mzazi asielewe vibaya. Watoto waliokuwa wakiharisha na kupungukiwa na maji mwilini hawakuhusishwa katika utafiti wa FEAST. Mtoto wa namna hiyo anahitaji maji, iwe ni ya kunywa au ya dripu, na kumnyima ni hatari kubwa.

Utafiti huo unaonyesha pande mbili za jambo hili. Kama haungefanywa, huenda tiba hiyo ingeenea katika hospitali zetu zote, na watoto wangeendelea kufa bila yeyote kujua sababu. Lakini wapo wazazi ambao watoto wao waliangukia kundi la maji ya haraka na wakafariki. Gharama ya elimu hiyo ililipwa na familia hizo. Ndiyo maana mzazi ana haki ya kuelezwa ukweli wote kabla ya kukubali.

Kwa nini watoto?

Wengi huuliza: kwa nini dawa zisijaribiwe kwa watu wazima pekee, kisha watoto wapewe kiasi kidogo? Jibu ni kwamba mwili wa mtoto haufanyi kazi kama wa mtu mzima. Katika miaka ya 1950, dawa ya kloramfeniko ilikuwa ikiwatibu watu wazima vizuri. Watoto wachanga walipopewa, baadhi yao walibadilika rangi ya ngozi ikawa ya kijivujivu, wakalegea na kufariki. Baadaye iligunduliwa kwamba ini la mtoto mchanga halijakomaa kiasi cha kuiondoa dawa hiyo mwilini. Tetrasaiklini nayo, ambayo mtu mzima huimeza bila tatizo, huyaharibu meno ya mtoto yanayoendelea kuota kwa kuyatia rangi ya manjano au kahawia.

Isitoshe, kuna maradhi ambayo huwaua zaidi watoto. Malaria ni mojawapo. Mtu mzima aliyekulia katika eneo lenye malaria huwa amejijengea kinga ya kiasi fulani, ilhali mtoto wa mwaka mmoja hana. Chanjo ya malaria ikijaribiwa kwa watu wazima peke yao, haitajulikana kama inamfaa mtoto huyo.

Utaratibu unaokubalika ni kuanza na watu wazima wenye afya njema, kisha watoto wakubwa, na mwisho wale wadogo. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilifuata njia hiyo. Baada ya watu wazima, ilijaribiwa nchini Msumbiji kwa watoto wa mwaka 1 hadi 4, na matokeo yakatangazwa mwaka 2004. Kati ya 2009 na 2014 likafuata jaribio kubwa la watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, Kenya ikiwa miongoni mwazo. Katika watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, visa vya malaria vilipungua kwa asilimia 36 katika muda wa takriban miaka minne.

Vyandarua vilivyotiwa dawa, ambavyo leo hutolewa bure kwa wajawazito na watoto katika maeneo mengi yenye malaria, navyo vilipitia utafiti. Jaribio la Kilifi la kati ya 1993 na 1995 lilionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33 katika vijiji vilivyopewa vyandarua hivyo.

Yaliyotokea Kano

Pamoja na mafanikio hayo, hofu ya wazazi ina msingi. Mwaka 1996, mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo uliikumba kaskazini mwa Nigeria. Kampuni ya Pfizer ya Marekani ilifika katika hospitali moja ya mjini Kano na kujaribu dawa yake mpya, Trovan, kwa watoto. Watoto 200 walihusishwa. Nusu walipewa Trovan na nusu wakapewa dawa nyingine iliyokuwa ikitumika tayari. Watoto 11 walifariki, watano katika kundi la Trovan na sita katika lile lingine. Wengine walibaki na ulemavu.

Familia zilikwenda mahakamani zikidai hazikuelezwa kwamba watoto wao walikuwa katika majaribio, wala kwamba katika hospitali iyo hiyo shirika la madaktari la kimataifa lilikuwa likitoa tiba ya kawaida bila malipo. Kampuni ilikana, ikasema wazazi waliombwa idhini kwa mdomo na kwamba vifo vilisababishwa na ugonjwa wenyewe. Mwaka 2009 kampuni hiyo na serikali ya jimbo la Kano zilikubaliana nje ya mahakama kulipwa dola milioni 75.

Madhara hayakuishia hapo. Mwaka 2003, viongozi wa Kano na majimbo mengine ya kaskazini mwa Nigeria walipinga chanjo ya polio. Kumbukumbu ya Trovan ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya watu waamini uvumi kuhusu chanjo hiyo. Polio ikasambaa tena hadi katika nchi ambazo zilikuwa zimeishinda. Wengi wa watoto waliopooza miguu kwa sababu hiyo hawakuwa hata wamezaliwa wakati majaribio ya Kano yalipofanywa.

Utafiti si matibabu

Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wazazi wa Kilifi miaka ya 2000 ulionyesha kwamba wengi hawakutofautisha utafiti na matibabu. Kwao, watafiti walikuwa ni madaktari wazuri zaidi, wenye dawa zaidi na wanaopima kwa makini zaidi. Waliotia sahihi wengi wao waliamini wamekubali mtoto atibiwe.

Kosa hilo si la wazazi peke yao. Ni kweli kwamba mtoto aliye katika utafiti mara nyingi huangaliwa kwa karibu zaidi. Lakini lengo la matibabu ni kumponya mtoto huyu mmoja. Lengo la utafiti ni kupata jibu litakalowafaa watoto wa kesho, na huenda mtoto huyu asifaidike chochote.

Hata wakuu wa afya wenyewe wamewahi kuvutana kuhusu mpaka ulipo. Mnamo Septemba 2019, chanjo ya RTS,S ilianza kutolewa kwa majaribio katika kaunti nane za magharibi mwa Kenya, uzinduzi ukifanyika Homa Bay. Maeneo yaliyoanza kuipata na yaliyosubiri yalichaguliwa kwa kura. Wakati huo kulikuwa na maswali ambayo hayakuwa yamejibiwa. Katika jaribio kubwa lililotangulia, visa vya homa ya uti wa mgongo vilionekana kuwa vingi zaidi kwa waliochanjwa, na wasichana waliochanjwa walionekana kufa kwa wingi zaidi kuliko wale ambao hawakuchanjwa.

Pamoja na hayo, chanjo ilitolewa kliniki kama chanjo nyingine yoyote. Mzazi akimleta mtoto, ilihesabiwa kwamba amekubali. Mwaka 2020 baadhi ya wataalamu wa maadili walilalamika vikali kwamba huo ulikuwa ni utafiti, na kwamba wazazi walistahili kuombwa idhini rasmi. WHO ilijibu kwamba ule ulikuwa mpango wa kawaida wa chanjo unaofuatiliwa kwa makini.

Baadaye takwimu za nchi tatu zilizohusika, yaani Kenya, Ghana na Malawi, hazikuonyesha madhara yaliyohofiwa, na vifo vya watoto vilipungua. Oktoba 2021 WHO iliidhinisha matumizi ya chanjo hiyo. Oktoba 2023 ikafuata chanjo ya pili, R21, ambayo pia ilijaribiwa Kilifi. Lakini matokeo mazuri hayafuti swali lililoulizwa. Mzazi wa Homa Bay wa mwaka 2019 hakujua jibu litakuwa lipi, na watafiti pia hawakujua.

Maswali ya kuuliza

Hapa nchini, jaribio la dawa au chanjo haliruhusiwi kuanza kabla ya kupitishwa na kamati ya maadili ya utafiti, kuidhinishwa na Bodi ya Dawa na Sumu na kupata kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI). Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Lakini kamati haiwezi kukaa kando ya kitanda cha kila mtoto. Anayekaa hapo ni mzazi. Yafuatayo ni maswali ambayo anafaa kuuliza, na kuuliza si ujinga.

Kwanza, ni kitu gani mtoto wangu atafanyiwa kwa sababu ya utafiti, ambacho hangefanyiwa kama angetibiwa kwa kawaida? Jibu la swali hili ndilo linalotenganisha utafiti na tiba.

Pili, makundi ni mangapi, na kila kundi litapewa nini? Kura ikitumika, wewe huwezi kuchagua kundi, wala daktari hawezi. Katika jaribio kubwa la RTS,S, watoto wa miezi 5 hadi 17 ambao hawakupata chanjo ya malaria walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili nao wapate kitu cha manufaa. Katika majaribio mengine, kundi moja hupewa kitu kisicho na dawa yoyote ndani yake. Mzazi aambiwe wazi.

Tatu, dawa hii imejaribiwa kwa nani hapo awali, na ni madhara gani yaliyoonekana? Akiambiwa kwamba haina madhara yoyote, ashuku. Kama kila kitu kingejulikana, utafiti haungehitajika.

Nne, nikikataa itakuwaje? Jibu sahihi ni moja tu: mtoto atatibiwa kama kawaida. Mzazi aliyekubali anaweza pia kubadili nia wakati wowote na kumwondoa mtoto, bila kulazimishwa kutoa sababu.

Tano, mtatoa damu kiasi gani, mara ngapi, na itapelekwa wapi? Swali hili lina uzito wake, hasa Pwani, ambako tangu enzi za ukoloni watu wamekuwa wakihofia mumiani, wanaodaiwa kunyonya damu za watu ili kutengenezea dawa. Mtafiti anayetaja mililita tano bila kueleza kwamba hicho ni kijiko kimoja cha chai huzidisha hofu hiyo. Aeleze pia iwapo damu itahifadhiwa kwa utafiti mwingine au kupelekwa nchi za nje.

Sita, mtoto akidhurika kwa sababu ya utafiti, nani atagharamia matibabu yake? Fomu itaje jambo hilo, pamoja na nambari ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Kurudishiwa nauli ni jambo la haki. Lakini mzazi akiona fedha anazoahidiwa ndizo zinazomvuta kukubali, afikiri tena.

Saba, utafiti ukiisha tutaambiwa matokeo? Na dawa ikionekana kufaa, watoto wa kijiji chetu wataipata?

Mazungumzo hayo yafanywe kwa lugha ambayo mzazi anaielewa vyema, iwe Kiswahili, Kigiriama, Dholuo au nyingine. Asiyejua kusoma asomewe fomu yote mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti, kabla ya kuweka alama ya kidole gumba. Pale ambapo si dharura, apewe nafasi ya kurudi nyumbani na kushauriana na jamaa zake. Mtoto aliyefikia umri wa kuelewa naye aulizwe. Sahihi ya mzazi haitoshi ikiwa mtoto wa miaka 13 mwenyewe anakataa.

Itakuwaje basi kwa yule mama aliyefika saa nane za usiku? Katika hali ya dharura hakuna muda wa kusoma kurasa nyingi. Katika utafiti wa FEAST, kamati za maadili ziliruhusu mzazi aliyefadhaika aelezwe kwa ufupi na kuombwa ridhaa ya mdomo, kisha aelezwe kwa ukamilifu na kuombwa sahihi mtoto akishapata nafuu. Utaratibu huo unakubalika tu kwa tiba zinazohitajika papo hapo, na kwa idhini ya kamati.

Kwa hiyo, mama aliyekubali kwa kichwa usiku ajue kwamba kukipambazuka bado ana haki ya kuuliza yote yaliyotajwa hapa, na bado anaweza kusema hapana. Akisema ndiyo, apewe nakala ya fomu aliyoitia sahihi. Aihifadhi pamoja na kitabu cha kliniki cha mtoto, mahali ambapo ataipata siku atakapoihitaji.